Reale za Yahaya

Buyenzi, Bujumbura
20 Juni 1995

Kwa mdogo wangu Ilyasi,

Assalam alaikum. Umefika salama? Kile kikohozi kimekuacha, au hewa ya Kigoma imekiongeza? Mimi mzima. Nakula, nalala. Nyumba ipo, na ule mlango uliovunjwa nimeupigilia mbao.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Birindwa. Anasema atakuwa anapita Uvira hadi huko na mizigo yake, kwa hiyo nitamtumia yeye. Unamsalimia Yahaya na unauliza kama bado anakataa kuvuka mpaka. Nikaelewa kwamba hukupata habari.

Yahaya hajarudi. Aliondoka wiki ileile ya Machi mliyokimbia mauaji, asubuhi, kwa baiskeli. Alikuwa ameambiwa sokoni kwamba Gatumba, kule mpakani, kuna mtu ametoka Uvira na reale za zamani, pesa za fedha zenye mihuri, na kwamba akichelewa sonara atazinunua aziyeyushe. Nilimwambia barabara si nzuri. Akasema atakuwa amerudi kabla ya Alasiri. Saa ya mwalimu Jovithe aliyokuwa akiitengeneza aliifunika kwa kisahani ili vumbi lisiingie. Bado iko mezani hivyohivyo.

Nimemtafuta hospitali, brigedi ya polisi, na chumba cha maiti. Hayupo kokote. Shehe anasema mtu ambaye haijulikani alipo, mkewe husubiri. Kwa hiyo sijakaa eda, wala sijapokea watu wa pole. Wanaonikuta njiani hawajui waseme nini. Wengine wanavuka upande wa pili wa avenyu.

Sijalia. Nakuandikia hili kwa sababu majirani wameanza kuniangalia.

Dada yako,
Mwantum


Kigoma
9 Agosti 1995

Kwako Yaya Mwantum, dada yangu mkubwa,

Waalaikum salaam. Kikohozi kimekwisha. Nimepata kazi gereji moja ya mtaa wa Mwanga, ya mzee wa Kimanyema mwenye Landrova mbovu nyingi na maneno mengi. Nalala palepale gereji. Samaki wapo, amani ipo. Wewe tu hupo.

Yaya, barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatoka nje. Yahaya alikuwa shemeji yangu lakini unajua alikuwa zaidi ya hapo. Ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi.

Sasa niseme wazi, kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia. Yahaya amekufa. Wiki ile barabara ya Gatumba hakuna aliyepita akarudi. Shehe anaweza kusema usubiri, lakini shehe hakuwa barabarani, mimi nilikuwa.

Zile reale zake ziuze. Mzee Sleiman wa Rohero, yule Mwarabu mwenye butiki ya vitambaa, anazijua na alikuwa anazitamani siku zote. Mimi sikuwahi kuelewa. Pesa kuukuu za fedha, zimegongwagongwa mihuri na Wachina na Wahindi mpaka sura ya mfalme haionekani, kama mtu mwenye ndui. Yahaya alikuwa akinieleza kwamba kila mfanyabiashara aliyeipima akaikuta fedha halali aligonga muhuri wake, ndipo ikaenda kwa mwingine, mpaka ikafika Unguja, mpaka Ujiji, mpaka kwetu. Nilikuwa namcheka. Leo sicheki. Hizo ndizo zilizompeleka Gatumba. Usikae kuzilinda.

Uza, funga nyumba, njoo na Birindwa.

Mdogo wako,
Ilyasi


Kigoma
17 Januari 1996

Kwako Yaya Mwantum,

Assalam alaikum. Hujambo? Nyumba haijambo?

Birindwa anasema barua yangu ya Agosti alikupa mkononi, na nyingine ya Oktoba pia. Anasema ulimshukuru, ukampa maji ya kunywa, na hukumpa jibu. Nilimuuliza umekonda? Akasema yeye haangalii wake za watu.

Kama nimekuudhi, nitukane. Lakini andika.

Mdogo wako,
Ilyasi


Buyenzi
3 Novemba 1996

Kwa mdogo wangu Ilyasi,

Assalam alaikum. Natumaini afya yako nzuri na kazi inaenda. Mimi sijambo. Tangu nchi jirani zifunge mipaka, petroli imepotea na sukari imekuwa shida, lakini mihogo ipo. Kuvrefe ikiingia, ile saa ya kutotoka nje, tunafunga milango, tunasikiliza, halafu tunalala.

Hukuniudhi. Barua yako niliisoma, nikafika pale ulipoandika amekufa, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Ningekasirika ningekujibu siku hiyohiyo. Nilikuwa nashika kalamu, naandika salamu, halafu hakuna kinachofuata. Mikono yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Niliweza kuosha vyombo na kufagia. Maneno sikuwa nayo.

Mzee Sleiman alikuja kabla ya Ramadhani, akataka kuziona reale. Nilimfungulia kopo la Yahaya nikazimwaga mkekani. Alivua miwani, akaziangalia moja moja, akataja bei. Nikasikia nasema hapana. Sijui kwa nini. Sikuwa nazipenda. Akanituliza kwa maneno ya Mungu, akaondoka. Nikafikiri hatarudi.

Akarudi Ijumaa iliyofuata na reale yake moja mfukoni. Akasema, "Mi sikuji kununua tena, Mama. Nakuja kuziona. Mwenzangu wa kuziangalia alikuwa yeye peke yake."

Tangu hapo anakuja. Tunaziweka mkekani, zenye muhuri wa namna moja pamoja. Kuna muhuri kama samaki, kuna mmoja kama dirisha, kuna herufi za Kichina ambazo Sleiman hazijui wala mimi, ila tunajua zinapojirudia. Nikikuta mkono wa mfanyabiashara mmoja kwenye reale mbili zilizotoka nyumba tofauti, naziweka jirani. Ndiyo kazi yangu. Asubuhi nasuka mikeka ya kuuza, jioni kabla ya Magharibi natoa kopo.

Na wanawake wameanza kuniletea. Zamani walikuwa wakimletea Yahaya vipande kutoka kwenye mikufu ya bibi zao, vimetobolewa. Siku hizi kila mtu anatoa alichonacho. Nawapa unga, au kanga, au sabuni. Ya bandia naijua kwa kuiangusha kwenye sakafu, sauti yake inakufa haraka. Kile kioo cha Yahaya cha kubana jichoni kilikuwa kinaniumiza mwanzoni. Nimekizoea.

Usiniulize kama nina nafuu. Sijui nafuu inafananaje.

Dada yako,
Mwantum


Kigoma
22 Aprili 1997

Kwako Yaya Mwantum,

Waalaikum salaam. Alhamdulillahi umeandika. Barua yako ilichukua muda mrefu, maana Birindwa alikwama Uvira vita vya huko vilipopita, lakini imefika, imelowa kidogo tu.

Habari ni hizi. Nimeoa. Anaitwa Houda, ni mtu wa Ujiji, anacheka kwa sauti na hapiki vizuri. Nilitaka kukungoja, lakini wazee wake walisema kungoja huku hakuna mwisho. Tayari ana mimba. Nikikuandikia hivi naona aibu, kana kwamba nakula mbele ya mtu aliyefunga.

Lingine. Bibi yake Houda alisikia nikimsimulia habari zako, akaingia chumbani, akatoka na reale. Upande mmoja ina ndege amekamata nyoka. Mihuri imejaa. Nilikaa naiangalia mlangoni penye mwanga mpaka Houda akaniuliza kama naangalia pesa au namtazama mke mwingine. Bibi amesema nikupelekee, hataki kitu, ila umwombee dua. Birindwa ameishona kwenye upindo wa koti lake.

Sasa kila Ijumaa nikitoka msikitini Ujiji nawauliza vikongwe. Wananiona kichaa. Niambie muhuri wa namna gani unaukosa.

Sitakuandikia tena mambo ya kuhama. Ukitaka kuja, njia unaijua.

Mdogo wako,
Ilyasi


Buyenzi
30 Agosti 1998

Kwa mdogo wangu Ilyasi,

Assalam alaikum. Mtoto hajambo? Ameshatambaa? Houda ananyonyesha vizuri? Mwambie ale karanga. Bibi nimemwombea, na reale yake ya ndege nimeiweka na wenzake. Mimi mzima wa mwili.

Nina habari, nitaiandika kwa mpangilio ili uielewe.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke anayeitwa Daphrose. Anauza ndagala, nyinyi huko mnaita dagaa, kutoka Kajaga, hupita avenyu yetu na beseni kichwani, namjua kwa sura. Siku hiyo hakuwa anaita wateja. Aliulizia nyumba ya mama anayechukua pesa za zamani, akaingia, akatua beseni, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ilikuwa reale moja.

Nilimwambia akae, nikachukua kioo kama ninavyofanya kwa kila mtu. Upande wa kwanza kulikuwa na muhuri kama nyumba ya milango miwili, na mwingine kama ndoano. Nikaigeuza. Karibu na ukingo palikuwa na herufi mim ya Kiarabu.

Hili sikukuambia kamwe. Mwaka tuliooana Yahaya aliichukua reale aliyoipenda kuliko zote, akachukua chuma chake kidogo cha kazi ya saa, akaigonga mim ya jina langu. Sleiman aliposikia alimgombeza, akasema ameiharibu, kitu cha miaka mia kimekwisha. Yahaya akamjibu kwamba wale wengine wote waligonga baada ya kupima, na yeye amepima. Hiyo haikukaa kwenye kopo. Ilikaa kwenye kile kifuko kidogo cha suruali yake kila siku, na siku ile pia.

Sikupiga kelele, Ilyasi. Nilimuuliza anataka nini. Akasema unga, mtoto wake anaharisha na anataka kumpikia uji. Nikampimia unga, nikamwongezea chumvi. Alikuwa ameshainua beseni ndipo nikamuuliza ameitoa wapi.

Akatua beseni tena. Akaangalia mlango.

"Mama, niseme ukweli?"

"Sema."

"Ni ya mufu."

Akanieleza. Yeye na mumewe Salvator, mvuvi, waliwakuta wanaume wawili pembeni ya barabara, ule mwezi wa Machi. Hawakuwa na viatu, na baiskeli hazikuwepo. Watu wote walikuwa wamekimbia na mbwa walikuwa wameanza kuzunguka. Wakawabeba mmoja mmoja mpaka kwenye shamba lao la mchanga karibu na ziwa, wakawachimbia kaburi moja kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kuchimba mawili. Sanda haikuwepo, wakawafunika na mkeka wao wa kulalia. Salvator aliichukua ile reale akisema mwenye mtu atakuja kuuliza, naye atamwonyesha. Hakuna aliyekuja. Baadaye akaogopa kwamba atakayekuja atauliza kwa nini anayo. Mwaka jana homa ikamuua, Daphrose akabaki nayo.

"Yule mwenye iyi pesa nilimufunga kidevu na kitambaa changu," akasema. "Alikuwa na kovu hapa." Akagusa chini ya sikio la kushoto.

Unalijua kovu lile.

Nikamwambia, "Ni bwana yangu."

Akakaa chini sakafuni. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Jua likafika kwenye beseni, ndagala zikaanza kunuka, nikamkumbusha aende akauze kabla hazijaharibika. Akakataa unga. Nikamfungia nikamtwisha mwenyewe.

Jumamosi Sleiman alinipeleka Kajaga kwa gari lake, pamoja na shehe. Ni mahali pa kawaida. Kuna nyavu zimeanikwa, kuna nyumba ya udongo, na juu ya kaburi Daphrose amepanda mchicha wa lengalenga ili watu wasiulize. Shehe akasema wasifukuliwe, akasoma. Nikaangalia maji. Nilikuwa nafikiria kwamba sandale yangu moja imelegea mshipi.

Huyo mwingine aliyelala naye hakuna anayejua ni nani. Daphrose anakumbuka shati la mistari, basi.

Nilimuuliza shehe kuhusu eda. Akasema inahesabiwa tangu siku mtu alipokufa, si siku mke alipojua. Kwa hiyo yangu imepita zamani, ile miezi ya kwanza, nilipokuwa nazunguka kwenye mahospitali. Nimemaliza eda bila kuianza.

Nimeandika yote. Nikiisoma naona ni ya mtu mwingine.

Dada yako,
Mwantum


Kigoma
19 Septemba 1998

Kwako Yaya Mwantum,

Assalam alaikum. Sisi wazima, mtoto mzima, anatambaa mpaka mlangoni.

Barua yako nimeisoma, nikampa Houda akaisoma. Hatukula siku hiyo. Nimefunga gereji. Ijumaa imamu alimsalia Yahaya swala ya maiti asiyekuwepo, na msikiti ulijaa watu ambao hawakuwahi kumwona. Bibi alitaka kujua jina la baba yake Yahaya ili amtaje sawasawa kwenye dua, nikamwambia.

Nilitaka kuja. Nilifika hadi bandarini. Birindwa anasema mpaka wa Uvira una vita vipya na akaninyang'anya mfuko wangu, akasema hatabeba maiti wa pili wa familia moja. Nimerudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, naona haya.

Kaa matanga, Yaya. Hata kama eda imepita. Tandika mkeka, watu waje. Wewe hujapewa pole na mtu hata mmoja tangu mwaka ule.

Na kama hujalia, usijilazimishe. Mimi nimelia kwa niaba ya wote huku.

Mdogo wako,
Ilyasi


Buyenzi
25 Oktoba 1998

Kwa mdogo wangu Ilyasi,

Assalam alaikum. Mbusu mtoto. Mwambie Houda asante kwa kanga, imefika, Birindwa aliivaa shingoni njia nzima.

Ulifanya vizuri kurudi. Usione haya.

Nilitandika mkeka kama ulivyosema. Sleiman alileta viti, mchele na turubai la kuzuia jua. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuja kuniomba aione ile reale ya mim. Nilimpa. Akaiangalia kwa kioo, akanirudishia, akasema alikosea siku ile kumgombeza, kwamba muhuri ule umegongwa vizuri, mahali penye nafasi, haukumharibia mtu mwingine wa kabla yake. Kisha akaenda nje kupanga viti.

Watu walikuja. Walikuja mpaka wale waliokuwa wanavuka avenyu. Nilikuwa sijui ni wangapi walikuwa wakingoja ruhusa. Mwalimu Jovithe alikuja. Nikampa saa yake, na vile vipande vyake nimevifunga kwenye karatasi. Akasema atampa fundi mwingine, kisha akasema hapana, akaiweka mfukoni vilevile.

Daphrose alikuja na ndagala kavu kwenye kikapu, akakaa karibu na mlango kwenye viatu vya watu. Wanawake wakaanza kuulizana huyu ni nani, si mtu wa kartie, hakai mtaa huu. Nikawaambia ndiye aliyemzika Yahaya. Wakasogea, wakampisha mkekani katikati yao.

Yeye na mimi tumekubaliana jambo. Akiwa anauza ndagala huko Gatumba na Kinama na Kamenge, na mimi kwa wanawake wanaoniletea vipande, tunauliza kama kuna nyumba iliyopotelewa na mwanamume mwenye shati la mistari mwezi ule. Mpaka sasa wamejitokeza wengi mno. Mashati ya mistari yalikuwa mengi. Lakini tunauliza.

Safari ya kuja kwako nimeifikiria. Njia ikifunguka nitakuja nimwone mtoto na nimshukuru bibi uso kwa uso. Si kuhama. Nitakaa kidogo, halafu nitarudi. Reale Sleiman atanitunzia.

Sasa nikuambie lililotokea siku ya pili.

Ilikuwa mchana, chai imeiva, watu wamejaa mpaka uani. Mimi nilikuwa napanga vikombe kwenye sinia, sisikii hiki wala kile, kama siku zote. Jirani mmoja akaita kutoka jikoni, "Mwantum, sukari iko wapi?"

Nikamjibu, "Muulize Yahaya, yeye ndiye anaificha."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, bila kuinua kichwa. Ndivyo nilivyokuwa nikijibu zamani, maana alikuwa akiiweka juu mbali kwa sababu ya sisimizi na kwa sababu yako. Nyumba yote ikanyamaza. Nikainua macho nikaona wote wananiangalia, na nikaona kwamba mimi pia nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja ajibu.

Nikasikia sauti inatoka, nikadhani ni ya mwanamke mwingine. Daphrose akainuka akanitoa vikombe mikononi.

Nililia mpaka Alasiri, Ilyasi. Sleiman alikuwa nje ya mlango akisoma Kurani kwa sauti ili nisione haya. Jioni nikasikia njaa, njaa ya kweli, nikala sahani nzima ya wali na ndagala, na ilikuwa na ladha. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa cha ndagala kina uchungu kidogo.

Ile chai watu waliinywa bila sukari.

Dada yako,
Mwantum